Mti Ule Si Wangu

Siku ya kwanza ya udiwani wangu nilikaa pahala si pangu kwa muda wa nusu saa. Niliingia jengo la kaunsili na suti ya kuazima, nikapanda ngazi moja kwa moja mpaka roshani ya juu, wanakokaa wananchi kutazama, kwa sababu huko ndiko nilikozoea. Chini wakawa wanaita majina. Wakaita langu. Nikaitikia "Nipo!" kutoka juu, ukumbi mzima ukainua vichwa kama watu wanaotafuta ndege aliyeingia ndani. Nikateremka huku nimeshika suruali, maana mwenye suti alikuwa mnene kuniliko. Kumbe kiti changu ni cha kuzunguka, na mie kiti cha namna hiyo sijawahi kukikalia. Dakika kumi nyingine zikapotea hapo.

Nayasema haya kwa sababu nyie vijana wetu mnaoanza kuingia udiwani huku London mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Mwenzenu wa Thornton Heath alinipigia simu akasema, "Mzee Hamad, tupe siri." Siri sina. Vyeo na posho siandiki. Posho mtaiona wenyewe, na vyeo sikupata. Skuli niliacha darasa la saba, kabla mwalimu hajafika kwenye somo la serikali, kwa hiyo somo hilo nimelisoma uzeeni, kwa kukosea mbele za watu. Nitawaeleza nilivyokosea. Pengine litawafaa.

Kwetu Pemba nilikuwa mkulima. Mpunga bondeni, muhogo kidogo, na mikarafuu sita ambayo haikusimama kwenye ardhi yetu. Hili nalieleza mapema maana baadaye litanitia matatani. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na mti ulio juu yake ukawa wa mtu yule. Babu yangu alipanda ile mikarafuu kwa jirani, kwa ruhusa yake, mbele ya mashahidi. Ardhi ya jirani, mikarafuu yetu. Msimu ukifika tunakwenda, tunaikwea, tunachuma, jirani tunampa fungu lake, tunarudi nyumbani. Hakuna aliyeona ajabu. Mie nilidhani dunia nzima iko hivyo.

Nikaja London mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu ambazo wengi wenu wazee wenu wameshawasimulia, nami sina la kuongeza. Nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye kantini ya hospitali. Kila siku treni yangu ikipita karibu na Woolwich nilikuwa naona kitu kinanitatiza: nyuma ya reli, baina ya nyumba, Wazungu wazee wanalima. Mmoja kavaa tai. Analima viazi na tai! Nilistahamili wiki tatu. Ya nne nikashuka, nikaenda mpaka kwenye uzio, nikauliza, "Hili shamba la nani?"

Yule wa tai akajibu, "La kaunsili. Unakodi kipande chako, unalima."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote mwenye subira."

Subira ilikuwa miaka miwili kwenye orodha ya kungojea. Hatimaye nikapewa ufunguo wa geti na kipande namba kumi na moja. Nikapanda mchicha, maboga, mahindi. Nikapanda na muhogo, msicheke. Nilikuwa mgeni na sikuwa na wa kunikataza. Ule muhogo majirani zangu walikuwa wakija kuutazama kila Jumapili, wanasimama kimya, kama watu wanaokwenda kumuona mgonjwa. Ulipokufa, yule wa tai alivua kofia.

Mwaka wa pili wa kishamba kile mama yangu akafariki Pemba. Makaratasi yangu yalikuwa bado wizarani, nikitoka, sirudi. Kwa hiyo sikwenda kuzika. Asha, mke wangu, alikwenda sokoni Woolwich akarudi na mche umefungwa gunia, umepinda upande mmoja.

"Mti gani huu?" nikamuuliza.

"Plamu. Muuzaji kasema matunda yake yana ukali kidogo. Mama alikuwa hapendi kitu kitamu mno."

Tukaupanda pembeni mwa kipande, mie nachimba, yeye kaushika wima. Hatukusema mengi. Hayo ndiyo mazishi niliyohudhuria.

Sasa udiwani uliingiaje? Uliingia kwa bomba. Kiangazi kimoja maji ya bomba la kishambani yakakatika na hayakurudi. Tukaandika barua, kimya. Nikasikia kwamba mwananchi anaweza kwenda kaunsili akauliza swali kwenye mitingi. Binti yangu Zuwena, alikuwa na miaka kumi na mbili, akaniandikia swali. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini mwandiko wake mzuri. Nikasimama roshani nikasoma. Wakajibu kwa kusoma karatasi nao. Mwenyekiti akasema naruhusiwa swali moja la nyongeza. Nikauliza saba. Nani kalifunga? Siku gani? Ufunguo wa bomba anao nani? Anakaa wapi? Mwenyekiti akagonga kinyundo, nami nikauliza na kinyundo chenyewe cha mti gani.

Nje mlangoni nikaona mama mmoja mfupi, nywele nyeupe, ananisubiri. Jina lake Bi Maureen. Alikuwa mpishi wa skuli aliyestaafu, na diwani wa miaka mingi.

"Bwana wa bomba," akasema, "kwa nini usigombee?"

"Mie? Mie Mtanzania."

"Wa Jumuiya ya Madola, mwenye ruhusa ya kukaa. Sheria inakuruhusu. Unahitaji saini kumi za wapiga kura, basi."

"Sikumaliza skuli."

"Mie nilikuwa napika maharage ya watoto mia tatu. Humu ndani wapo waliomaliza vyuo viwili, na bomba lako bado limefungwa."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Asha. Asha alikuwa anapepeta mchele, akaacha. "Wewe? Wewe fomu ya maktaba unajaziwa na mtoto!"

"Ndo maana nataka Zuwena akagombee, mie nimsindikize."

"Dad, no," akasema Zuwena bila kuinua kichwa.

Saini kumi nikazipata kishambani kwa siku moja. Ya kwanza ya yule bwana wa tai.

Katika kampeni nawapa somo moja tu la kweli. Milango ya huku ina tundu la barua, na nyuma ya tundu mara nyingi pana mbwa aliyenyamaza kimya. Usitie vidole. Bi Maureen aliniambia tumia kijiko cha mbao kusukumia karatasi. Mie nikachukua mwiko wa Asha, ule wa wali. Umeng'atwa mara nne, vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Asha alidai mwiko mpya nao nikamnunulia. Ule wa zamani upo kabatini, una meno ya nusu ya mtaa wetu. Nikashinda kwa kura chache, na wiki ya pili bomba likafunguliwa. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya mtu aliyehamia idara nyingine. Hakuwa mbaya, alisahau tu.

Miaka minne ya mwanzo nilikuwa mwanafunzi wa Bi Maureen. Alikuwa na mkoba wa ngozi, ndani yake mna karatasi za mikutano zilizotobolewa na kufungwa uzi, kalamu nyekundu, na pakti ya biskuti. Alinifundisha kusoma makaratasi kuanzia nyuma. "Mbele wanaandika wanalotaka ulione," alisema. "Walilolazimika kukwambia lipo ukurasa wa mwisho, herufi ndogo." Alinifundisha kutoahidi. Mwananchi akija na shida usiseme "nitakufanyia," sema "nitauliza." Hilo halikunipa tabu. Kuuliza ndiyo kazi pekee niliyozaliwa naijua.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakaa maktaba na meza ndogo, watu wanaleta mashaka yao. Ukuta una ukungu, lifti imekufa. Mara moja alikuja bwana analalamikia jogoo wa jirani. Nikaenda kumuona jogoo. Mwenyewe Mkongo, tukasemezana kwa Kiswahili chake na changu, akaniambia, "Kaka, huyu si jogoo, huyu ni saa yangu ya kuamkia kazini." Nikamnunulia saa. Jogoo sijui alikokwenda, lakini wiki ile ile niliitwa kwa Mkongo kula, nami sikuuliza. Katika maisha yangu ya udiwani hilo ndilo swali moja nililolimeza.

Haya. Nikachaguliwa mara ya pili, na hapo ndipo ikaja karatasi ya kuuza kishamba.

Nilikuwa naisoma kutoka nyuma, kama nilivyofunzwa, na ukurasa wa mwisho nikaona ramani. Reli naijua. Uzio naujua. Vipande kumi na vinne, vyote vimepakwa rangi nyekundu. Aliyeleta hoja ni diwani mwenzetu, Bwana Gerald, mtu mrefu, mpole, tai ya vitone. Wala hakuwa na nia mbaya. Paa la skuli ya msingi ya wadi yake lilikuwa linavuja, watoto wanasoma baina ya ndoo, na pesa za kutengeneza hakuna. Auze ardhi, aezeke skuli. Mie mwenyewe nilikwenda kuziona zile ndoo. Nilizihesabu madarasani.

Kamati ya kuamua hoja ilikuwa ya watu kumi na mmoja. Bi Maureen, aliyekuwa mwenyekiti, alikaa akachora majina kwenye karatasi ya biskuti. Watano wa kuuza. Watano wa kutouza, yeye mmoja wao. Na mie.

"Basi tumeshinda," nikasema.

"Hujashinda kitu," akasema. "Wewe unalima pale. Una maslahi. Sheria inasema mwenye maslahi anatangaza, anatoka nje ya chumba, anangojea kwenye korido mpaka wamalize."

"Yaani mie niliyechaguliwa kwa ajili ya lile shamba, siku ya shamba nitoke?"

"Utoke."

Nilifikiri ananitania. Nikamuuliza mara tatu kwa njia tatu. Sheria ikabaki vile vile. Kipande ninacho, basi kura sina. Nikitaka kura, nirudishe kipande, kikapewe mwengine aliye kwenye orodha. Nikampelekea Asha habari, naye akaiuliza sheria kwa njia ya nne, ya matusi. Kisha akasema, "Kairudishe funguo. Watu kumi na tatu wengine wanalima pale."

Nikairudisha. Kipande kikapewa Bi Pearl, mama wa Kijamaika, muuguzi mstaafu, alikuwa akingojea zamu yake muda mrefu.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Siku chache kabla ya kura nilikuwa nakunywa chai na Bwana Gerald kwenye korido. Akaniambia kwa wema kabisa, "Pole, Hamad, nasikia umeachia shamba lako."

Nami kwa furaha zangu nikamjibu, "Ah, shamba limekwenda, lakini mti wangu uko pale pale. Agosti nitakuletea plamu."

Sikusema uongo wala sikufanya ujanja. Ardhi nimerudisha. Mti nilipanda mie. Kwetu hayo ni mambo mawili. Gerald akatabasamu, akamaliza chai yake. Mie nikaenda zangu hata sikulikumbuka tena.

Siku ya kura roshani ilijaa. Wakulima wote wa kishamba walikuja, wengine na matope viatuni. Asha alikaa mbele, Bi Pearl ubavuni mwake. Bi Maureen akauliza kama kuna mwenye maslahi ya kutangaza. Bwana Gerald akainua mkono, uso umemwiva wekundu.

"Bi mwenyekiti, nasikitika. Diwani Hamad aliniambia ana mti kwenye ile ardhi. Akiwa nao, hawezi kupiga kura."

Bi Maureen akanitazama kwa jicho nililoliona mara moja tu maishani mwangu. Loya wa kaunsili, dada mwembamba wa miwani, akanigeukia.

"Diwani, una mti pale?"

"Ninao," nikasema.

Roshani ikaguna. Nikaona lazima nieleze, nikaanza na babu. Nikawaeleza mikarafuu sita, ardhi ya jirani, mashahidi, fungu la mwenye ardhi. Na nyie mtaniamini? Watu waliweka kalamu chini. Mmoja wa upande wa kuuza akauliza jirani akifa inakuwaje. Mwengine akauliza mti ukianguka, shimo la nani. Gerald mwenyewe akauliza karafuu inachumwaje, nikasimama nikamuonyesha mikono inavyokwenda. Robo saa nzima tulikuwa Pemba sote, na raha ilikuwepo. Halafu loya akavua miwani.

"Nimefurahi kujua. Lakini huku mti unafuata ardhi. Kisheria ule si wako tangu uliporudisha ufunguo."

"Basi nipige kura?"

"Hapana. Sikuulizi sheria inasemaje. Nakuuliza wewe unavyoona moyoni. Ukiamini ni wako, una maslahi. Utatoka."

"Na nikisema si wangu?"

"Useme hapa, iandikwe. Na iwe kweli."

Iwe kweli. Hapo ndipo palipokuwa na uzito, na humo ndani tulioujua tulikuwa wawili, mie na aliyekaa roshani. Kwetu mtu akisema mbele ya mashahidi kwamba mti si wake, ameutoa. Hauchumi tena, haudai tena, hata kama yeye ndiye aliyeupanda, hata kama aliupanda siku gani. Hicho kilikuwa kitu pekee nilichomfanyia mama yangu. Nikainua macho juu. Asha hakutikisa kichwa wala hakunyanyua mkono. Alikuwa ananitazama tu kama siku ile alipoushika wima.

Nilipata kusema maneno mengi sana katika ukumbi ule. Siku ile nilisema matatu.

"Mti si wangu."

"Wa nani?" akauliza loya, kalamu tayari.

"Wa anayelima pale."

Akaandika. Tukapiga kura. Sita kwa watano, kishamba kikabaki. Roshani wakapiga makofi mpaka Bi Maureen akagonga kinyundo chake, cha mti wa mwaloni, hatimaye nilijibiwa. Mie nilikwenda chooni nikanawa uso, nikakaa kidogo, kisha nikamtafuta Bwana Gerald. Hakunitazama.

"Hukukosea," nikamwambia. "Sasa nionyeshe tena zile ndoo."

Kulitengeneza lile paa tulihangaika pamoja miaka miwili, mie na yeye, ofisi hadi ofisi. Yeye anasema kwa ufasaha, mie nauliza maswali saba. Siku walipomaliza kuezeka mvua ilinyesha, tukasimama darasani tunatazama juu kama wendawazimu.

Agosti ya kwanza baada ya kura, Bi Pearl akabisha mlangoni na mfuko wa plamu. "Za mti wako," akasema.

"Si wangu. Nimesema na imeandikwa."

"Nimesikia, nilikuwepo. Chukua."

Nikachukua, lakini diwani akipewa zawadi anaiandika kwenye daftari la zawadi. Nikaenda kuiandika: plamu, mfuko mmoja, kutoka kwa mwenye mti. Karani akacheka, akaniambia kitu kidogo namna hii hakihitaji kuandikwa. Nikamwambia andika. Kila Agosti mfuko ulikuja, na kila Agosti niliandika. Wenzangu waliandika chakula cha hotelini na tiketi za mpira. Ukurasa wangu wote plamu. Bi Maureen, kabla hajafariki, alinambia huo ndio ukurasa pekee alioupenda katika makaratasi yote ya kaunsili, na kwamba aliusoma kuanzia nyuma.

Nikafanya awamu tatu, miaka kumi na miwili. Kisha goti likakataa ngazi za wapiga kura, nikaacha. Hotuba ya kuaga nilitoa fupi, watu hawakuamini.

Agosti iliyofuata Bi Pearl akabisha. Mikono mitupu. Nikachungulia nyuma yake, mfuko sikuuona.

"Mti haukuzaa mwaka huu?" nikauliza.

"Umezaa mpaka matawi yameinama. Bado wewe diwani?"

"Nimeacha, si unajua."

"Basi sikiliza. Mie nimekodi ardhi. Ule mti sikuupanda. Miaka yote hii nakuchumia wewe, na mgongo wangu unaniuma." Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo wa geti. "Nenda kachume mwenyewe."

Tukaenda, mie na Asha. Mti umekua mkubwa, bado umepinda upande ule ule. Nikavua viatu, nikafunga kamba miguuni kama kwetu.

"Hamad, shuka! Utavunjika, mzee mzima wewe!"

"Shika kikapu, mama."

Goti lililokataa ngazi za London lilipanda mti bila kuniuliza. Nikachuma mpaka adhuhuri. Kisha nikateremka, nikazigawa mafungu mawili juu ya nyasi, nikamwita Bi Pearl, nikamkabidhi la kwake, la mwenye ardhi.